Kochi la Kreti Saba

Sebule ilikuwa tupu kiasi kwamba ukikohoa, kuta zinakuitikia. Tone alikohoa makusudi, kuta zikaitika, akacheka peke yake katikati ya sakafu ile, mikono kiunoni, viatu kavua, kama mtoto aliyeachiwa uwanja mzima acheze.

"Unacheka na nani huko?" Mpimaji aliuliza kutoka jikoni, alikokuwa akigombana na bomba lisilotaka kufungika.

"Nacheka na nyumba yetu."

"Inasemaje?"

"Inasema ina njaa. Inataka kochi."

Jina la Tone alilipata kazini, maabara ya hospitali, kwa sababu kila mgonjwa aliyeikodolea sindano macho, yeye alimwambia, "Tone moja tu, basi, yamekwisha." Jina likamganda. Naye kijana aliyekuwa akipigana na bomba alikuwa mpimaji wa ardhi, tena mpimaji wa kuzaliwa, mtu asiyeweza kuona kitu bila kutaka kujua urefu wake. Siku walipokutana alikuja kutolewa damu. Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, akatazama mlango, akasema, "Mita nne na nusu. Nikikimbia hunipati." Tone akamfunga mpira mkononi akamjibu, "Shuleni nilikuwa nakimbia mita mia." Hakukimbia. Kesho yake alirudi, haumwi chochote.

Sasa alitoka jikoni mikono ya shati imelowa, akatandaza karatasi sakafuni na kupiga magoti mbele yake. Alikuwa ameichora sebule nzima kwa penseli: mlango, dirisha kubwa, soketi za umeme, na kochi la L, mkono mrefu ukiegemea ukuta wa ndani, mkono mfupi ukija kuishia karibu na mlango. Pale mikono miwili inapokutana, kwenye kona, alikuwa amechora vichwa viwili vidogo vimegusana.

"Hawa ni akina nani?" Tone aliuliza, akijua vizuri.

"Wapangaji."

"Mbona wamebanana hivyo? Nyumba si kubwa?"

Mpimaji alitoa futi yake mfukoni, akaikunjua polepole, akaiweka kutoka sikio la Tone mpaka bega lake mwenyewe. "Sentimita kumi na mbili," alisema kwa sauti ya chini.

"Za nini?"

"Za hasara."

Tone alizifuta zote kumi na mbili kwa mkupuo, akaegemeza kichwa pale begani, na kwa muda mfupi hakuna aliyepima kitu.

Kona ile Tone alikuwa ameiota. Nyumba aliyokulia ilikuwa na viti vya mtu mmoja mmoja, vimepangwa ukutani kama wagonjwa wanaongoja majibu. Baba kiti chake, mama kiti chake, na maneno yao yalikuwa yakichoka njiani kabla hayajafika upande wa pili. Tangu utotoni alijiapiza kwamba akipata sebule yake, watu watagusana mabega. Akitoka zamu ya usiku atajitupa konani, apandishe miguu, na bega la mtu wake liwe pale pale, halihitaji kuitwa.

Lakini kati yake na kona ile alikuwako mtu mmoja. Mama.

Mama wa Mpimaji alikuwa mjane, na Mpimaji alikuwa mwanawe wa kiume pekee. Kwa miaka sita Mama alikuwa akiishi kwa binti yake mkubwa, na sasa binti amejifungua mapacha, nyumba imejaa mpaka ukingoni, imeamuliwa kwamba Mama atahamia hapa. Miezi minane iliyopita, Mpimaji alipompeleka Tone nyumbani, Mama alisema neno moja tu baada ya wageni kuondoka: "Binti mwenyewe hana ubaya, ila kakuzidi miaka minne." Neno lile halikuwa na miguu, lakini lilitembea mpaka likamfikia Tone. Tangu siku hiyo Mama hakusema ndiyo, hakusema hapana.

"Mimi nitakuoa hata asiposema," Mpimaji alikuwa ameapa.

"Na mimi siingii kwa dirisha kwenye nyumba yenye mlango," Tone alimjibu. "Mama yako akisema ndiyo, kesho yake twende. Akisema hapana, nakurudishia pete yako, hata kama nitalia mwaka mzima."

Basi wiki iliyopita Mama alipiga simu mwenyewe. "Nasikia mnatafuta kochi," alisema. "Nitakuja Jumamosi." Hakuongeza kitu. Tone hakulala vizuri tangu siku hiyo, kwa furaha na kwa hofu, na hakuweza kuzitenganisha. Mtu anayekuja kuchagua kochi si anakuja kukaa? Na anayekuja kukaa si amekubali? Au anakuja kuonyesha kwamba nyumba ina mwenyewe?

Honi ililia nje.

Aliyeingia alikuwa fundi wa makochi, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa, ambaye mtaa mzima ulimwita Pini kwa sababu ukosi wa nguo yake haukukosa pini kumi au kumi na tano zilizopangwa kama vyeo vya jeshi. Alibeba kreti tupu za soda, mbili kila mkono. Nyingine tatu alimtuma Mpimaji azifuate kwenye gari.

"Fundi, sisi tumeagiza kochi," Mpimaji alisema, akihema. "Hizi vipi?"

"Ndilo hilo kochi." Pini alipanga kreti nne sambamba na ukuta, hatua mbili mbele yake, na tatu zikipinda kuelekea mlangoni, kama ramani ilivyotaka, kisha juu ya kila moja akatandika kipande cha sponji. "Mimi sikati ubao kabla watakaokalia hawajakaa. Kreti moja ni kiti kimoja. Kimo ni hiki hiki. Mtakaa robo saa, mtaongea mambo yenu, mimi nitatazama nani anajibana, nani ananyoosha miguu. Ramani ya bwana hapa ni nzuri sana, kasoro yake haina makalio."

Tone alicheka mpaka akashika ukuta. Mpimaji naye, ili kuonyesha kwamba hakununa, alikaa konani kwa maringo, akafungua mkono kumkaribisha Tone, akaegemea nyuma kama bwana mkubwa. Nyuma hapakuwa na kitu. Miguu yake ilipaa juu, soksi moja ikiwa na tundu.

"Mgongo bado sijaleta," Pini alisema bila kugeuka.

Ndivyo Mama alivyowakuta: mwanawe chali sakafuni, mchumba wake akimvuta mkono huku machozi ya kicheko yakimtoka.

"Shikamoo, Mama," Tone alisema haraka, akijifuta macho.

"Marahaba."

Basi. Mama alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mgongo umenyooka, miwani, mkoba mweusi umebanwa kwapani. Nyuma yake aliingia dada mkubwa wa Mpimaji, mwenye sauti iliyotangulia mwili.

"Mdogo wangu! Ndiyo kochi lenyewe hili? Si mngesema, tungekuja na soda zetu!" Alimkumbatia Tone kwa nguvu. "Wifi, hujambo? Umepungua. Mapenzi haya."

Mama alizitazama kreti kwa muda. "Mimi nilitaka viti," alimwambia mwanawe. "Kimoja kimoja. Mtu akae chake."

"Mama, viti vya kimoja kimoja siku hizi..."

"Siku hizi watu hawakai?"

Pini alipiga makofi mara mbili. "Jamani, hakuna kubishana kwa kusimama. Kaeni kwanza. Kila mtu pale moyo wake unapompeleka. Robo saa."

Wifi alimvuta Tone pembeni akamnong'oneza, kwa namna yake ya kunong'ona ambayo hata jirani angesikia, "Kaa chonjo. Mama atachukua kona. Na anayekaa kona, wifi yangu, ndiye mwenye nyumba."

Tone alijiambia ampishe, ni mama. Akajiambia tena, kwa mkazo zaidi, ampishe. Alikuwa binti mwema, lakini siku hiyo wema ulimgomea, kwa sababu kona ile aliitaka, aliitaka kama mtu anavyotaka maji.

Wifi alikaa kreti ya pili na kujinyoosha mpaka ya kwanza. Mpimaji alikaa upande mmoja wa kona, Tone akakaa kreti inayofuata upande wa pili, na kona yenyewe ikabaki wazi katikati yao, imeachwa kwa heshima. Wote wakamtazama Mama.

Mama alitembea polepole mbele ya kreti. Alifika konani. Akapita. Akaenda mpaka kreti ya mwisho kabisa, ile ya mlangoni, akakaa, akaweka mkoba juu ya magoti.

Pini aliandika kitu kwenye kijidaftari.

"Hali ya hewa nzuri leo," Mpimaji alisema.

"Nzuri," Wifi aliitika.

Tone alihisi uso ukimwaka. Kreti saba, na Mama amekwenda kukaa pembezoni, kashikilia mkoba kama yuko tayari kuondoka! Miezi minane ilimpanda kwa pamoja mpaka mdomoni. Aliyameza maneno, akayameza tena, mara ya tatu yakagoma kumezwa.

"Mama, naomba nikuulize kitu."

"Uliza."

"Kama hunitaki, naomba uniambie leo. Hapa hapa." Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke. "Mimi nina miaka thelathini na miwili, yeye ana ishirini na minane. Hesabu hiyo haitabadilika hata tukingoja mpaka tuote mvi. Ukisema hapana, nitakuheshimu na nitakwenda zangu. Lakini usinikalie mbali hivyo, Mama, kama vile nina ugonjwa wa kuambukiza."

"He! Wifi!" Dada mkubwa aliziba mdomo.

Mpimaji alisimama. "Tone..."

"Mwache," Mama alisema. Alikuwa akimtazama Tone kwa mshangao, na mshangao ule haukuwa wa kuigiza. "Nani kakukalia mbali? Mimi nimekaa mahali pangu."

"Mahali pako ni mlangoni?"

"Ndipo ninapokaa."

Sasa, kazi ya Tone ilikuwa kutazama. Mchana kutwa alitazama kwa makini vitu ambavyo wengine hawavioni. Alimtazama Mama upya, hasira ikiwa bado haijamshuka, na akaona kwamba kila mtu chumbani amevua viatu isipokuwa yeye. Aliona magoti yake yameelekezwa pembeni, yamekunjwa vizuri, ili anayepita apite. Watu wa namna hiyo aliwajua. Waliketi kwenye benchi la ukumbini, nje ya maabara, wakijifanya wadogo, kila mlango ukifunguka wanaomba radhi.

"Unapokaa wapi, Mama?" aliuliza taratibu.

Mama alimtazama binti yake mkubwa, kisha akatazama sakafu. "Kwa mwanangu."

"Mama!" Wifi alisimama. "Mimi nilikwambia lini ukae mlangoni?"

"Hukuniambia. Hakuna aliyeniambia." Mama alizungumza bila lawama, na hilo lilikuwa baya zaidi kusikia. "Nilipohamia kwenu nilikuta kochi lenu la L, na kila mtu ana mahali pake. Mume wako konani. Wewe pale penye taa. Watoto penye televisheni. Pakabaki pale mlangoni. Wageni wakija nainuka, wakiondoka narudi. Miaka sita. Si vibaya, nalishwa, napendwa. Lakini kiti cha kimoja kimoja, mwanangu, ukikiita changu, ni chako. Kochi la L ni la aliyewahi."

Kwa mara ya kwanza tangu Tone amjue, sauti kubwa ya Wifi haikusikika. Alikwenda akachuchumaa mbele ya mama yake, akashika ncha za vidole vyake. "Sikuona," alisema. "Wallahi, Mama, sikuona."

"Ungeonaje? Umeniona kila siku."

"Na ile miaka minne?" Mpimaji aliuliza kwa shida. "Mama, miezi minane tunabeba ile miaka minne."

Mama alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa nguo. "Niliona ukioa, hata kwako nitabakia mlangoni. Nilihitaji neno la kusema, lile likawa karibu. Ningesemaje? Kwamba mama mtu mzima anaogopa kochi?"

Pini ndiye aliyeanza. Kicheko kilimponyoka puani, akajaribu kukirudisha, kikakataa. "Samahani, Mama," alisema, "nimeshona makochi miaka kumi na tisa, sijawahi kusikia..." Na Mama naye, mabega yake madogo yakaanza kutikisika, na Wifi pale chini akawa analia na kucheka kwa wakati mmoja.

Tone hakucheka. Aliinuka na kwenda kusimama mbele ya mama mkwe aliyekuwa bado hajawa mama mkwe.

"Mama, simama."

"Nisimame?"

"Chukua kreti yako. Uiweke unapotaka. Popote. Sisi tutafuata."

"Lakini ramani..." Mpimaji alianza.

"Umeichora kwa penseli, mpenzi. Futa." Neno lile la mpenzi lilimtoka mbele ya mkwe, akashika shavu kwa aibu, lakini limeshatoka.

Mama aliikataa mikono yote iliyotaka kumsaidia. Alibeba kreti yake mwenyewe, sponji juu, akaizungusha sebule nzima kama mtu anayetafuta kituo. Aliiweka karibu na soketi, akakaa, akainuka. Aliiweka katikati ya ukuta, akatikisa kichwa. Akaenda dirishani. Alikaa. Akainuka, akaisogeza hatua moja, akakaa tena. Mwanga wa alasiri ulimwangukia mikononi. Kutoka pale aliiona barabara, na akigeuza shingo kidogo aliliona jiko lote.

"Hapa," alisema. "Namwona anayeingia kabla hajanisalimu." Akauweka mkoba chini. Akafikiri kidogo, akavua na viatu.

Ndipo lilipojengwa kochi jingine. Walianza kwenye kreti ya Mama, Mpimaji akibeba, Wifi akisukuma kwa mguu, Pini akiamrisha kama nahodha, na Tone akikimbia huku na huko na sponji kichwani, joto likimjaa kifuani asijue alipeleke wapi. Kreti ya pili ikagusa ya Mama, ikawa ndiyo kona. Nyingine tano zikafuata ukuta mpaka mbali na mlango. Mpimaji alitoa futi, akapima upande wa jikoni, akapima tena, masikio yakamwiva.

"Kuna nini?" Tone aliuliza.

"Ile ramani yangu... mlango wa jikoni usingefunguka wote."

"Na wewe ndiye unayewagawia watu viwanja!" Wifi alipasuka, sauti yake imerudi nyumbani.

"Kona akae nani sasa?" Pini aliuliza, kalamu mkononi. "Niandike."

Mama alipigapiga sponji iliyokuwa kando yake. "Akae huyu wa zamu za usiku. Magoti yangu hayapendi kona."

Tone alikaa. Alipandisha miguu bila kujijua, kama alivyoiota. Bega lake la kushoto liligusana na bega la Mama, dogo, lenye joto, linalonukia sabuni, na halikusogea. Miaka yote aliyoliwaza bega la pale konani hakuwahi kudhani litakuwa hili. Alimtafuta Mpimaji kwa macho. Alikuwa amesimama katikati ya sakafu, futi inaning'inia mkononi, akiwatazama wote wawili kwa sura ya mtu aliyepimiwa kitu akakuta kimezidi.

"Fundi," Mama alisema, "kazi hii siku ngapi?"

"Kumi na nne, Mama. Rangi mnichagulie leo."

"Rangi wataijua wenyewe, ila isiwe nyeupe, wajukuu hawachelewi." Tone aligeuza shingo kumtazama. Mama aliendelea kana kwamba hajasema kitu. "Siku likiingia, mimi nahamia. Na sitaki nihamie nikae na mwanaume anayeshindwa na bomba. Nataka nimkute mkwe wangu ameshaingia, kwa mlango, na watu wameona."

Mpimaji alisogea hatua moja. "Mama, yaani... umesema... lini?"

"Nimesema siku kumi na nne," Mama alijibu, akimshika Tone mkono. "Wewe si ndiye mpimaji? Anza kuhesabu."